Kabla hujabadilisha mbao za juu, ingia chini na bisibisi

Watu wengi baraza la mbao likichakaa wanawaza mbao za kukanyagia tu. Zimepauka, zimepinda, misumari imechomoza kila mahali, kidato cha pili cha ngazi kinalia ukikikanyaga, basi mtu anasema ah, ntanunua mbao mpya nipigilie palepale kazi imeisha. Fundi wa kwanza niliyemwita aangalie la kwangu alikuwa na mawazo hayohayo, alisimama juu, akadunda dunda kwa kisigino, hata kuinama hakuinama, akaniambia bosi hii ni kubandua na kubandika tu, kazi ndogo. Nikamwambia sawa ntakutafuta. Sikumtafuta.

Mbao za juu ndo zinazoonekana lakini sio zinazokubeba. Na kwa kweli zile za juu zina bahati, zinapata jua, zinapata upepo, zikilowa asubuhi mchana zishakauka, kwahiyo sura inaharibika mapema ila kuoza zinaoza mwisho mwisho. Kinachoanza kuoza ni kule maji yanakoingia halafu hayana pa kutokea: mgongoni mwa boriti pale ubao ulipoilalia, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya ile boriti iliyobanwa na ukuta wa nyumba, na kwenye nguzo pale zinapokutana na udongo. Zote hizo ukisimama juu huzioni hata ukiwa na macho ya mwewe.

Fundi wa pili ni mzee mzee hivi, mtu wa maneno machache, alipofika hakusalimia baraza, alivua koti akalala chali akaingia chini na tochi na bisibisi kubwa. Nikasikia tu, tok, tok, tok, halafu ikaja moja haina sauti kabisa. Akaniita, "Mwanangu, njoo mwenyewe, usije ukasema nimekuongopea." Nikaingia. Akanipa bisibisi akaniambia sukuma hapo, usipige, sukuma tu kwa mkono. Ikazama mpaka karibu na mpini. Kwa nje ile boriti ilikuwa nzima kabisa, hata rangi ya zamani bado ipo, ila ndani ilikuwa sponji, na bisibisi ilivyotoka ikaja na vipande vya kahawia vilivyokatika katika miraba midogo midogo. Akasema ukiona imekatika hivyo vimiraba ujue ni kuvu, sio mchwa, mchwa angeacha udongo na njia zake.

Hicho kipimo kila mwenye baraza la mbao anaweza kufanya na hakihitaji fundi. Bisibisi, tochi, nguo usizozionea huruma. Sukuma kwenye kila kiungo, ukiona imeingia zaidi ya nusu sentimita bila kutumia nguvu, hapo mbao ishaanza kulegea ndani. Angalia pia chini ya kila kichwa cha bolti, kwa sababu bolti ya chuma cha kawaida ikiota kutu inavimba, mbao inapasuka kidogo, maji yanaingia zaidi, kutu inazidi, yaani inajichimbia kaburi yenyewe. Na kabla hujaingia mulika vizuri na tochi, nyigu wanapenda sana kujenga huko na hawabishi hodi.

Kuhusu kuoza kwenyewe, mzee alinipa elimu ambayo nimekuja kuithibitisha. Kuvu inayokula mbao inataka vitu vinne: mbao yenyewe, hewa, joto la kawaida na unyevu. Vitatu huwezi kuvizuia, umebaki na unyevu tu. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 haiozi, unaweza ukaiacha miaka na miaka, ila ikikaa kwenye asilimia 30 hivi kwa muda mrefu ndo sherehe inaanza. Kwahiyo ukifikiria vizuri ujenzi wote wa baraza la nje ni kazi moja tu, kuhakikisha kila kipande kikilowa kina njia ya kukauka. Mengine yote ni mapambo.

Ndo maana nguzo inaoza pale usawa wa ardhi na sio chini kabisa. Mi nilikuwa najua kadiri inavyozama ndo inavyooza, kumbe chini kabisa hewa ni kidogo, kuvu inakosa pumzi, na juu hewa ipo ila mbao inakauka, katikati hapo sentimita chache juu na chini ya udongo ndo kuna hewa na maji kwa pamoja. Tulivyong'oa nguzo za zamani ilionekana wazi, juu nzima, chini nzima, katikati imekonda imekuwa kiuno. Nguzo tatu ziko hivyo na juu yake watu wanakaa wanacheka.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonitisha kuliko vyote, ile boriti ya ukutani. Kama baraza lako limeungwa na nyumba, kuna boriti moja ndefu imelala kwenye ukuta na boriti zote ndogo zinaegemea pale, maana yake karibu nusu ya uzito wa baraza pamoja na watu wake iko kwenye huo ubao mmoja. Na mabaraza mengi yanayoanguka yanaanguka hapo, sio kwenye nguzo, sio katikati, pale pale kwenye ukuta, tena ghafla, kwa sababu ubao ukichomoka upande mmoja zingine zinafuata mlolongo. Yangu ilikuwa imepigiliwa misumari. Misumari mitupu! Msumari unavumilia kukandamizwa kutoka juu, ila kuvutwa nje kwa kunyooka hauwezi, na watu wakijaa wakaegemea reli au wakaanza kucheza, baraza linataka kujivuta litoke ukutani. Aliyejenga mwanzo simjui na sitaki kumjua.

Halafu nyuma ya huo ubao hakukuwa na bati lolote la kuzuia maji. Mvua inashuka na ukuta, inaingia nyuma ya ubao, inakaa. Miaka yote hiyo inakaa. Ubao umeoza na ukuta wenyewe ulishaanza kunywa.

Dawa yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunga upya kwenye nyumba lakini kwa heshima, bolti za milimita 12 zinazopenya mpaka kwenye mbao au zege lenyewe la nyumba, na juu yake bati linaloingia nyuma ya kitu kinachofunika ukuta halafu linakunjwa kuja juu ya boriti, ili maji yakishuka yarukie nje. Hii ni nzuri kama nyumba yenyewe ina kitu kigumu cha kushika. Kama ukuta wako wa nje ni tofali za urembo tu zilizosimama mbele ya ukuta halisi, usifunge baraza hapo, zile tofali hazikuwekwa kubeba kitu zaidi ya uzito wake zenyewe. Tofali lenye matundu ndani pia lina mambo yake, bolti inaweza ikawa inashika ganda.

Njia ya pili ndo niliyoichukua, kuachana na ukuta kabisa. Unaweka mstari wa pili wa nguzo karibu na nyumba, baraza linasimama kwa miguu yake lenyewe, kati yake na ukuta unaacha nafasi ya sentimita mbili tatu maji na majani yapite yaanguke chini. Nguzo zimeongezeka, mashimo yameongezeka, kuchimba ni kuchimba, ila silali nawaza ukuta. Kitu kimoja tu, baraza linalosimama lenyewe halina nyumba ya kulishikilia lisiyumbe, kwahiyo lazima liwekewe mikono ya mshazari, vile vipande vya nyuzi 45 kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye mhimili, yaani ile mbao nene inayokalia nguzo na kubeba boriti ndogo, pande zote mbili, sio upande mmoja. Bila hivyo litacheza kila ukipita.

Kubomoa sitaelezea sana. Anza na reli, halafu mbao za juu, halafu boriti, na kabla hujafungua kitu chochote cha ukutani weka vishikizo chini, usije ukawa wewe ndo nguzo. Misumari ya zamani mingine haitoki hata kwa mtaimbo, pitisha blade ya msumeno wa umeme katikati ya mbao na mbao uikate. Vaa barakoa. Na hapa naomba nisisitize kitu kimoja maana nimeona watu wakikifanya: mbao za zamani zilizotiwa dawa usizichome moto. Mbao nyingi za nje za miaka ya nyuma, zile zenye rangi ya kijani kijani, zilikuwa na dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki. Marekani watengenezaji waliacha kuitia kwenye mbao za matumizi ya majumbani mwisho wa mwaka 2003, lakini mabaraza yaliyojengwa kabla ya hapo bado yapo na mbao zake zipo. Ukichoma, arseniki nyingine inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, halafu mtu anachukua majivu anamwaga bustanini. Hata maranda yake ya msumeno usiyaache yakatapakaa chini, tandika turubai, yakusanye, yaende kwenye taka zinakotakiwa.

Dawa nyingi za siku hizi za mbao za majumbani hazina arseniki, ni shaba kwa wingi zaidi, na hiyo ina tabia yake. Shaba ikikutana na chuma cha kawaida na unyevu inakila chuma. Kwahiyo skrubu, bolti, vyuma vya kubebea boriti, vyote viwe vimechovywa kwenye zinki ya moto, ile inayoonekana nzito haina kung'aa sana, au stenlesi. Na usichanganye, chuma cha kubebea cha zinki na msumari wa stenlesi vikigusana kwenye maji kimoja kinamla mwenzake. Bati la alumini nalo lisigusane moja kwa moja na mbao yenye dawa ya shaba, litatoboka. Hizi ni hela ndogo ukilinganisha na mbao lakini hapa ndo watu wanabana.

Nguzo mpya hazikuzikwa. Tumechimba mpaka kufikia udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa, tukamwaga zege, na juu ya zege kuna kiatu cha chuma kinachoinua nguzo kama sentimita mbili na nusu, hivyo kitako cha nguzo hakikai majini hata mvua inyeshe vipi. Zege lenyewe juu tumelipa mteremko kidogo. Kwa wanaoishi kwenye nchi za baridi kali ambako ardhi inaganda, kina ni mjadala mwingine, lazima ushuke chini ya pale barafu inapofika, maana ardhi ikiganda inavimba na inanyanyua nguzo juu kama jeki, na ikiyeyuka haiirudishi ilipokuwa. Na kabla ya kuchimba popote uliza kuhusu kibali na ujue nyaya na mabomba yamepita wapi.

Mhimili umekaa juu ya nguzo, sio ubavuni. Hapo mzee alikuwa mkali kweli. Baraza la zamani mhimili ulikuwa umebandikwa ubavuni mwa nguzo na bolti mbili, uzito wote unaning'inia kwenye bolti mbili. Yeye anachonga nguzo nene ya sentimita 14 inabaki na bega, mhimili unakalia lile bega, mbao juu ya mbao, bolti kazi yake ni kuzuia usidondoke pembeni tu. Nilimuuliza mzee wangu si tungetumia nguzo nyembamba tu, akanijibu ukishachonga nyembamba unabakiwa na nini? Na ni kweli, nguzo ya sentimita 9 huwezi kuichonga ikabaki na kitu cha maana.

Boriti ndogo tumeziweka kila sentimita 40 kutoka katikati mpaka katikati. Kila boriti ina mgongo, ukiiweka jichoni ukaitazama kwa urefu utaona imepinda kidogo kwenda upande mmoja, upande ule uliobinuka unawekwa juu, watu na mbao wakishakaa inanyooka. Ukizichanganya moja juu moja chini, sakafu yako itakuwa mawimbi. Vile vyuma vya kubebea boriti vina matundu mengi, na kila tundu la duara limewekwa kwa sababu, jaza yote kwa msumari wake uliotengenezewa kazi hiyo. Usiweke skrubu nyeusi za jipsamu, zile zikipata mzigo wa ghafla zinakatika kichwa, tik, bila hata kupinda.

Halafu kitu ambacho mi nakipenda kwenye hili baraza kuliko hata mbao zenyewe: mgongoni mwa kila boriti tumebandika tepu ya lami lami, ile inayonata, ikashuka kidogo pembeni. Skrubu ikipita hapo tepu inaikumbatia, maji yanayopita kati ya mbao hayaingii kwenye tundu. Rafiki yangu mmoja alipita akasema hiyo ni kupoteza hela nani ataiona. Si ndo maana yake, haionekani! Na kila tulipokata mbao, ile ncha mbichi imepakwa dawa kwa brashi kabla ya kufungwa, kwa sababu dawa ya kiwandani mara nyingi haifiki kwenye kiini na ukikata unafungua mlango.

Mbao za juu sasa. Watu wanaweza kubishana hapa mpaka asubuhi. Kuna mbao laini zilizotiwa dawa, kuna mbao ngumu kama mtiki au ipe, na kuna zile za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao. Ipe ni balaa, ngumu mpaka inaua blade, lazima utoboe kila tundu kwanza kwa drili, na nzito kiasi kwamba vipande vyake vingi ukiviweka kwenye maji vinazama. Za plastiki haziozi wala hazitaki kupakwa rangi ila jua kali zinapata moto hasa za rangi nyeusi, miguu peku sahau, na zinarefuka na kufupika kwa joto kwahiyo ncha zake lazima uziachie nafasi. Na jamani, plastiki inabadilisha mbao za juu tu, fremu ya chini ni ileile ya mbao na inaoza vilevile. Nimeona mtu kaweka mbao za plastiki zenye waranti ndefu kuliko umri wa watoto wake, juu ya boriti za zamani zilizochoka. Sikusema kitu, nilikuwa mgeni.

Mi nimechukua laini zenye dawa. Kati ya ubao na ubao ukitumia mbao zilizokauka acha kama milimita 5, ila zikitoka kiwandani bado mbichi zimejaa maji zibane karibu karibu, zitasinyaa zenyewe na nafasi itatokea, ukiziachia milimita 5 zikiwa mbichi baada ya miezi visigino vya viatu vitaanza kuzama.

Ngazi. Hapa ndo pana kazi ya akili na ndo pana watu wanaoumia. Mguu wa binadamu una kumbukumbu, ukishapanda vidato viwili vya kwanza mwili unashika kimo, hauangalii tena, kwahiyo kidato kimoja kikitofautiana hata sentimita moja na nusu unajikwaa, na unaposhuka ndo mbaya zaidi. Kanuni za nyumba za Marekani kwa mfano zinasema kimo cha kidato kisizidi milimita 196, pa kukanyaga pasipungue milimita 254, na tofauti kati ya kidato kirefu na kifupi kuliko vyote kwenye ngazi moja isizidi milimita 9.5. Nchi yako inaweza kuwa na namba zake, lakini hiyo ya tofauti ndo nakuomba uishike. Ngazi yangu ya zamani kidato cha mwisho kilikuwa kifupi kuliko vingine vyote na kila mgeni alikuwa anaruka kidogo pale bila kujua kwa nini.

Hesabu yake sio ngumu. Pima kimo chote kuanzia pale ngazi itakapotua mpaka juu ya mbao za baraza zilizokamilika. Nimesema pale itakapotua, sio chini ya ukingo wa baraza, kwa sababu ardhi ina mteremko, mbele hapo inaweza ikawa imeshuka sentimita kumi zaidi. Toa ubao mrefu ulionyooka kutoka kwenye baraza, uweke pima maji juu yake, halafu upime kushuka chini. Chukua mfano sentimita 112. Gawa kwa 7 unapata vidato vya sentimita 16, gawa kwa 6 unapata 18.7. Vyote vinaruhusiwa. Halafu kuna kanuni ya zamani sana ya mbunifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17, François Blondel, kwamba kimo mara mbili ukijumlisha na pa kukanyaga ipatikane hatua moja ya mtu, siku hizi watu wanatumia kama sentimita 60 mpaka 64. Kwahiyo kwa kimo cha 16, mara mbili ni 32, pa kukanyaga inabaki 28 mpaka 32. Na mbao mbili za sentimita 14 na upenyo wa nusu sentimita katikati ni 28.5, inaingia vizuri bila kuchana ubao hata mmoja. Kwa kimo cha 18.7 pa kukanyaga inaanguka kwenye 26 hivi, ngazi inakuwa fupi inaokoa nafasi lakini ni ya haraka haraka, mtu mzima mwenye magoti mabovu hataipenda. Kumbuka vimo 7 ni vikanyagio 6, cha saba ni baraza lenyewe.

Sasa ule mtego. Ukichonga zile mbao za ubavuni zenye meno zinazobeba vikanyagio kwa kimo cha 16 kila mahali halafu ukaweka vikanyagio vya unene wa sentimita 3.8, kidato cha kwanza kutoka chini kinakuwa 19.8 na cha mwisho juu kinakuwa 12.2. Umeona? Vya katikati viko sawa, vya mwanzo na mwisho vimekwenda. Dawa yake ni kukata chini ya ubao wa ubavuni ule unene wa kikanyagio, 3.8, ushushe ngazi nzima. Nadhani ndo kilichoikuta ngazi yangu ya zamani. Pia ukichonga meno usichonge mpaka mbao ikabaki uzi, pale penye shingo, kutoka kona ya ndani ya jino mpaka ukingo wa chini, pabaki angalau sentimita 12.7, na ukatie na msumeno wa mkono ile kona ya mwisho, msumeno wa duara ukiulazimisha umalize kona unapitiliza upande wa pili na kuanzisha ufa. Miguu ya ngazi ikae kwenye zege, sio udongo, ile hadithi ya kiuno cha nguzo inahusu na hapa.

Reli nilikuwa naiona kitu cha urembo mpaka mzee aliponipigia hesabu. Kanuni zilezile za Marekani zinataka reli ivumilie kilo 90 hivi zikisukuma juu yake popote. Bolti za nguzo ya reli ziko kama mita moja chini ya mkono wako, na kati ya bolti na bolti kuna sentimita 10 tu, kwahiyo mtu mmoja anayeegemea kwa nguvu anaivuta ile bolti ya juu kwa karibu kilo 900. Skrubu mbili kwenye ubao wa pembeni, ambao wenyewe umeshikwa na misumari kwenye ncha za boriti, hazina habari hiyo. Zangu zimefungwa kwa bolti zinazopenya na zina chuma ndani kinachorudi kushika boriti yenyewe. Kimo ni sentimita 91 kwenda juu kama baraza lina zaidi ya sentimita 76 kutoka ardhini, na nafasi kati ya fito isipitishe mpira wa sentimita 10, hiyo ni kwa ajili ya vichwa vya watoto, mwili ukipita kichwa kinabaki. Kwenye ngazi weka kitu ambacho mkono unaweza kukizunguka, mviringo wenye kipenyo cha sentimita 3 hadi 5, maana ule ubao bapa watu wanaoweka kwa juu ukiteleza huwezi kuushika, unaupapasa tu.

Baraza lilipoisha wa kwanza kupima alikuwa mzee mwenyewe, akaenda kona ya mbali, akashika nguzo ya reli kwa mikono miwili akaitikisa na mwili wote ukafuata, reli ikakaa kimya. Akaokota bisibisi yake akaaga.

Bado kuna vitu viwili. Mbao zikikauka zitasinyaa na nati zote zitalegea, kwahiyo baada ya msimu mmoja narudi chini na spana kuzikaza upya, yoyote atakayejenga na mbao mbichi aweke hilo kichwani. Na rangi au mafuta ya kuzuia maji sijapaka. Unadondosha maji kidogo juu ya ubao, yakikaa juu kama shanga bado, yakinywewa ndo mbao iko tayari. Yangu juzi nimeongeza skrubu moja kwenye kidato cha chini, maji yakachuruzika kwenye tundu, kwahiyo brashi zisubiri kwanza.